TV ya marehemu babu ya mwaka 1970 imetolewa stoo: nianze na lipi kabla ya kuichomeka?

#1 Mwana wa Kibokoni (Mombasa)

Salaam wakuu. Tumefungua stoo ya nyumba ya marehemu babu hapa Mji wa Kale tukakuta TV yake. Ni Philips ya nyeusi na nyeupe, sanduku la mbao, miguu minne, kioo cha inchi 23. Bibi anasema babu aliinunua mwaka ule ule kituo cha televisheni cha Sauti ya Kenya kilipofunguliwa Mombasa, 1970, na jioni baraza ilikuwa haina pa kukanyaga kwa watu waliokuja kutazama. Ndani ya kifuniko cha nyuma kuna karatasi ya majina ya valvu (zile taa za kioo zilizofanya kazi kabla ya transista): PCL805, PL504, PY88, DY87 na nyingine. Waya wa umeme ni wa nyuzi mbili tu, hauna ardhi, na plagi ni ile ya zamani ya pini za duara.

Idi inakaribia na binamu zangu wanataka tuichomeke tuone. Mimi nasita. Bibi yuko hai na natamani aione ikiwaka tena, lakini dari ya nyumba ni boriti za mikoko, moto ukishika hapo hauzimiki. Tukichomeka moja kwa moja kuna ubaya gani? Na kama upo, tufanye nini kwanza?

#2 Dagaa Kauzu (Dar es Salaam)

Nimekaa mkao wa kula, nasubiri wajuzi. Mkuu weka picha basi, usitunyime.

#3 Fundi Makorora (Tanga)

Wa alaikum salaam. Usichomeke. Waambie binamu zako fundi wa Tanga kakataza, lawama niachie mimi.

Ubaya uko kwenye kapasita kubwa za umeme, vihifadhi chaji, zile za bati zilizosimama kama makopo. Ndani yake kuna ngozi nyembamba ya oksidi juu ya alumini, na hiyo ngozi ndiyo inayozuia umeme usipite. Kapasita ikikaa miaka bila umeme, ngozi inaliwa. Ukiipa volti zote kwa mpigo inapitisha umeme kama waya, inachemka, inapasuka. Na ikipasuka haiendi peke yake, inaondoka na rektifaya, kile kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa njia moja, na ikiwa fyuzi iliwahi kubadilishwa na mtu aliyeweka waya mnene, inaondoka na transfoma za ndani ambazo leo huzipati popote.

Kisha ziko kapasita za karatasi na nta. Hizo huvuta unyevu. Kwa hewa yetu ya pwani yenye chumvi, mimi sijakutana na ya zamani iliyo nzima.

Anza na macho na pua, umeme baadaye.

#4 Kisiki cha Mpingo (Lindi)

Fundi heshima yako, lakini mnatisha watu. Mimi baba yangu alikuwa na redio ya valvu iliyokaa miaka mingi darini, tukaichomeka ikapiga muziki mpaka leo. Vitu vya zamani vilitengenezwa na watu makini. Ichomekeni, mmoja asimame na swichi, ikitoa moshi zima.

#5 Mswahili wa Leicester

Kisiki, redio na TV ni mbali sana. Redio ya valvu volti zake za ndani ni 250 hivi na zinaishia hapo. TV ya inchi 23 ya nyeusi na nyeupe ina volti 15,000 mpaka 18,000 zinazokwenda kwenye picha tyubu, yaani kile kioo kikubwa cha picha. Tena moshi ukiuona, hasara imeshatokea, huo ni mwisho wa hadithi.

Huku Uingereza nina jirani mkusanyaji wa TV za zamani. Aliwahi kuchomeka moja ya miaka ya 50 yenye rektifaya ya seleniamu, zile za mabapa mengi yaliyopangwa. Ikaungua. Harufu yake ni ya mboga iliyooza pamoja na yai viza, na moshi ule ni sumu, si wa kuuvuta. Walilala kwa mtoto wao usiku ule. Mwana wa Kibokoni, angalia kama yako ina mabapa hayo. Ya 1970 kwa kawaida ina dayodi ndogo ya silikoni kama BY127, na hiyo ni nafuu.

Ingawa nafuu hiyo nayo ina mtego wake. Dayodi ya silikoni haisubiri valvu zipate moto. Ukiwasha tu, kapasita zinapokea kilele cha umeme wa 240, yaani karibu volti 340, na hakuna valvu hata moja inayokula umeme huo mpaka zipate moto. Ni dakika nzima ya mateso kwa kapasita iliyochoka.

#6 Nguzo ya Umeme (Nairobi)

Mie ni mtu wa nyaya za nyumba, si wa TV, ila kuna jambo sijaona mkilisema na ndilo linaloua. TV nyingi za zama hizo hazina transfoma ya umeme mlangoni. Chasisi, yaani lile bati lote la ndani, imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Plagi ikifungwa sawa, chasisi iko kwenye nyutro, waya usio na moto. Ikifungwa kinyume, chasisi yote ina volti 240. Ndiyo maana vifundo ni vya plastiki na kifuniko cha nyuma kina mashimo madogo yasiyopitisha kidole. Kifundo kikipotea, ile shafti ya chuma inayobaki ni kifo kinachongoja mtoto.

Kwa hiyo: kata ile plagi ya duara, weka waya mpya, plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3, hudhurungi kwenye moto, buluu kwenye nyutro. Usifuate rangi za zamani kwa mazoea, zamani nyekundu ndiyo moto na nyeusi nyutro. Na pima soketi yenyewe kwanza. Nimekuta nyumba nyingi za zamani soketi zimefungwa kinyume na hakuna aliyewahi kujua.

#7 Wa Ruwi (Muscat)

Nguzo umesema kweli kwa TV zenye dayodi moja. Zile za baadaye, miaka ya 70 kwenda 80, zenye dayodi nne za daraja, hata uifunge plagi vipi chasisi inabaki na umeme, kwa sababu iko katikati ya nyaya mbili. Hapo kugeuza plagi hakusaidii kitu. Dawa ni transfoma ya kutenganisha, ya 240 kwa 240, yenye uwezo wa kutosha. TV ya valvu hula kama wati 180 mpaka 200, kwa hiyo tafuta ya 300 au zaidi.

#8 Nguzo ya Umeme (Nairobi)

Sawa, lakini elewa unachonunua. Ukiweka transfoma ya kutenganisha, ile swichi ya nyumbani inayokata umeme unapovuja haikuoni tena. Ukishika ncha mbili za upande wa pili, mkono huu na huu, hakuna kitakachokata. Inakukinga ukigusa ncha moja tu.

#9 Wa Ruwi (Muscat)

Ndiyo maana wazee walisema mkono mmoja mfukoni. Bora transfoma kuliko kutokuwa nayo.

#10 Nguzo ya Umeme (Nairobi)

Bora yenye swichi inayokata. Hapa hatutakubaliana, tusonge.

#11 Kiembe Samaki (Unguja)

Nyie mnabishana waya, mie nawakumbusha antena. Kwenye TV za chasisi hai, tundu la antena limetengwa na chasisi kwa vikapasita viwili vidogo. Vikianza kuvujisha, antena nayo inakuwa na umeme. Mtaani kwetu kuna kijana alipanda juu ya bati kugeuza antena ya jirani, akashika bomba kwa mkono mmoja na bati lenye umande kwa mwingine. Alirushwa, Mungu akamnusuru akaangukia mpapai. Watu wakasema ni shetani wa mti. Fundi alipokuja akapima, ni kile kikapasita cha tundu la antena. Hivyo viwili vibadilishwe kabla ya chochote, na viwekwe vile vilivyotengenezwa kwa kazi ya usalama, si kapasita yoyote tu ya kuokota.

Halafu kwa fahari ya kwetu: Kenya 1970 mlikuwa mnatazama nyeusi na nyeupe. Sisi TVZ, televisheni ya Zanzibar, ilipofunguliwa miaka michache baadaye ilikuja na rangi siku ya kwanza. Ya kwanza Afrika nzima.

#12 Dagaa Kauzu (Dar es Salaam)

Afrika nzima? Hapo mkuu umevuka bahari.

#13 Mswahili wa Leicester

Kinachosemwa siku zote ni ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Na hilo peke yake ni kubwa. Afrika Kusini na utajiri wao wote walianza televisheni Januari 1976. Tanzania Bara mlingoja mpaka 1994 kwa vituo vya watu binafsi.

#14 Kiembe Samaki (Unguja)

Kusini mwa Sahara basi. Bado Dar walikuwa wanainua antena mpaka juu ya minazi wapate picha zetu.

#15 Dagaa Kauzu (Dar es Salaam)

Hilo silipingi, mjomba wangu Upanga alikuwa na bomba refu kuliko nyumba. Tukiuliza linatazama wapi, anajibu "Unguja". Turudi kwenye TV ya babu.

#16 Mwana wa Kibokoni (Mombasa)

Ahsanteni wote. Nimetoa kifuniko cha nyuma bila kuchomeka chochote. Niliyoyaona:

Mjusi kafiri mkavu, amekauka hasa, amelala kwenye kile kijumba cha bati chenye flaibeki (transfoma ya volti za juu). Mayai yake mawili matupu yamegandana kando ya PL504. Vumbi jeusi la mafuta limeshika kwenye ule waya mnene unaokwenda ubavuni mwa picha tyubu. Kutu kwenye chasisi upande wa chini, si nyingi. Mchwa wamekula mguu mmoja na kona ya sanduku. Kwenye resista ndefu ya udongo iliyo juu kuna kibati chenye alama 200, 220, 240, na waya umefungwa kwenye 220. Nyuma ya resista hiyo kuna kipande cha kitu cheupe kama kadibodi ngumu inayochambuka. Mabapa ya seleniamu hakuna.

Nilitaka kulipangusa lile vumbi la waya mnene kwa kitambaa, nikaona niulize kwanza.

#17 Fundi Makorora (Tanga)

Umefanya la maana kuuliza. Mambo matatu hapo.

Waya mnene unaishia chini ya kofia ya mpira ubavuni mwa picha tyubu. Hiyo ndiyo anodi. Kioo chenyewe ni kapasita: ndani kimepakwa, nje kimepakwa ile rangi nyeusi ya grafaiti, katikati kioo. Kinaweza kuhifadhi chaji muda mrefu. Iliyokaa miaka mingi haina kitu, lakini ukishaanza kuijaribu, kila ukizima itakuwa nayo, basi jifunze sasa. Chukua bisibisi refu lenye mpini mzuri, funga waya kutoka kwenye chuma chake hadi kwenye ule msuko wa waya unaolalia grafaiti ya nje ya tyubu. Mkono wa pili mgongoni. Penyeza ncha chini ya kofia mpaka iguse chuma. Utasikia "tap". Ngoja dakika kumi urudie, kwa sababu kioo kinajichaji upya kidogo chenyewe. Wengi wameumia kwa hiyo ya pili.

La pili, kile cheupe kinachochambuka usikikwangue wala kukipuliza. TV za zamani ziliwekwa vipande vya asbesto karibu na resista zenye moto mkali. Kiloweshe maji kidogo kwa kinyunyizio na ukiache mahali pake.

La tatu, 220. Umeme wa Kenya ni 240. Hita za valvu, zile nyuzi za kuzipasha moto, kwenye TV hii zimeungwa mfuatano, zote kwenye mkondo mmoja wa ampea 0.3. Ukiwa kwenye 220 na ukutani kuna 240, au 250 usiku mitambo ikipumua, hita zinapata zaidi ya haki yao na maisha yanapungua. Hamisha kwenye 240.

#18 Kisiki cha Mpingo (Lindi)

Labda babu alihamisha makusudi kwa sababu umeme wao ulikuwa mdogo. Zamani volti zikishuka jioni picha inasinyaa pande zote.

#19 Nguzo ya Umeme (Nairobi)

Au ilitoka kiwandani hivyo kwa soko la Ulaya na muuzaji hakujishughulisha. Yote yawezekana. Apime soketi yake leo, alfajiri na saa moja jioni, aamue kwa mita.

#20 Wa Ruwi (Muscat)

Kuhusu bisibisi la Fundi: kwa TV ya valvu tupu ni sawa. Kwa zenye transista, mshindo ule wa ghafla unaua saketi. Tumia waya wenye resista za megaomu kadhaa zilizoungwa mfululizo, chaji ishuke taratibu, hata cheche huioni. Vivyo hivyo kapasita kubwa za volti 300, usizipige shoti kwa bisibisi. Gusisha balbu ya wati 15, itawaka kidogo na kufifia, kazi imekwisha na umejionea kwa macho.

#21 Fundi Makorora (Tanga)

Sipingi. Mimi nimezoea yangu.

#22 Mama Ilham (Kilifi)

Samahani kuingilia wakubwa. Hizi TV si ndizo zilikuwa zinatoa mionzi? Tulikatazwa kukaa karibu. Na hapo nyumbani kwa bibi kuna watoto.

#23 Mswahili wa Leicester

Swali zuri dada. Lina asili. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kwamba maelfu ya TV zake za rangi zilikuwa zinatoa mionzi ya X kupita kiasi, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya mionzi ya vifaa vya umeme. Tatizo lile lilikuwa kwenye TV za rangi, zenye volti 25,000 hivi na valvu ya kudhibiti volti hizo. Mionzi ilitoka hasa kwenye valvu hiyo ilipokuwa haijakingwa vizuri.

Ya nyeusi na nyeupe yenye volti 16,000 hivi, kioo chenyewe kinatosha kuzuia. Ila hatari ya kweli kwa watoto iko kwingine: tyubu kupasuka. Ndani hamna hewa kabisa. Hewa ya nje inasukuma kila sentimita ya mraba kwa karibu kilo moja, kwa kioo cha inchi 23 jumla ni zaidi ya tani. Shingo ya nyuma ndiyo nyembamba. Ikigongwa na kitu, ukisikia "sssss" shukuru, hewa imeingia taratibu. Ikipasuka sehemu pana, vioo vinaruka chumba kizima. Ya 1970 kwa kawaida ina ukanda wa chuma kuzunguka kioo unaopunguza hatari hiyo. Za miaka ya 50 zina kioo cha pili tu mbele. Mwana wa Kibokoni, vaa miwani ya kazi, na usiinue kamwe tyubu kwa shingo.

#24 Dagaa Kauzu (Dar es Salaam)

Kumbe tulikuwa tunalala pembeni ya bomu tukitazama mieleka.

#25 Mwana wa Kibokoni (Mombasa)

Shukrani. Nimepima soketi: 238 asubuhi, 229 jioni. Nimehamisha kwenye 240, nimefunga plagi mpya, nimemtoa mjusi kwa koleo na kusafisha waya wa anodi kwa spiriti baada ya kufanya ile ya bisibisi mara mbili. Fundi mmoja wa Majengo mwenye kujua valvu amenibadilishia vikapasita vya antena na vya nta vyote. Anataka kuiwasha kwa balbu ya sirizi, yaani umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo ufike kwenye TV, wati 60. Mwasemaje?

#26 Fundi Makorora (Tanga)

Balbu ya sirizi ndiyo ulinzi wa maskini na tajiri. Kukiwa na shoti ndani, balbu inawaka kwa nguvu zote na TV inabaki na kidogo. Mfundishe kila kijana.

#27 Wa Ruwi (Muscat)

Lakini si wati 60 kwa TV ya valvu! Mkondo wa hita peke yake ni ampea 0.3, kwa 240 ni wati 72. Ukiunga balbu ya 60, hita hazitapata moto kamwe, utakaa unaangalia TV iliyokufa na balbu nusu nusu, useme imeharibika. Weka ya 150, au mbili za 100 sambamba. Tena ile resista ya joto iliyo kwenye msululu wa hita ikiwa baridi ina omu maelfu, kwa hiyo mwanzoni usitarajie kuona kitu. Subiri.

#28 Fundi Makorora (Tanga)

Mimi naanza na 60 makusudi, hita nikiwa nimezikata. Nataka kapasita kubwa zile kwanza, kupitia resista ya kiloomu 47, masaa hata manne, huku mita ikionyesha mkondo unaovuja ukishuka. Usiposhuka, kapasita hiyo nenda kazike. Hita huja baadaye na balbu kubwa.

#29 Kisiki cha Mpingo (Lindi)

Masaa manne? Nunua kapasita mpya ufiche ndani ya lile kopo la zamani. Haitaonekana.

#30 Kiembe Samaki (Unguja)

Hapo sikubaliani. Kitu cha urithi kikibaki na viungo vyake vina utamu wake. Kama kapasita inakubali kufufuka, ifufue.

#31 Kisiki cha Mpingo (Lindi)

Utamu wa kulala na moto ndani?

#32 Mwana wa Kibokoni (Mombasa)

Wakuu, habari! Tulifuata njia ya Fundi Makorora, kisha balbu kubwa za Wa Ruwi. Kapasita moja ilikataa, ikabadilishwa, mbili zilishika. Jana baada ya Isha tukawasha. Valvu zilianza kuwaka moja moja, rangi ya chungwa, vumbi likanuka kama pasi ya mkaa. Kisha ikaja sauti ya "shhhh" kwenye spika, na mlio mwembamba wa juu sana ambao watoto waliusikia na bibi hakuusikia. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha babu, akasema tu "ile sauti ndiyo yenyewe".

Kioo hakikujaa. Umetokea mstari mmoja mweupe, mkali, katikati, kutoka kushoto hadi kulia. Juu na chini giza. Fundi alizima haraka. Shida ni nini?

#33 Mswahili wa Leicester

Hongereni! Ule mlio mwembamba ni flaibeki inafanya kazi, mizunguko 15,625 kwa sekunde. Mkimuona kijana anausikia, mjue sehemu inayochora mistari ya ulalo ni nzima na volti za juu zipo. Hapo ndipo pagumu, nanyi mmepavuka.

Tahadhari: mkiwasha tena, mwanga uwe chini kabisa. Mstari ule ukikaa unaunguza unga wa kioo na alama haitoki milele.

Picha imekosa kufunguka juu na chini. Mimi nashuku PCL805, ndiyo valvu ya kazi hiyo, na huchoka kuliko nyingine zote.

#34 Fundi Makorora (Tanga)

PCL805 ikichoka picha inasinyaa kwa chini, inajikunja. Haiwi mstari mtupu kwa kawaida. Mimi nasema resista inayolisha volti za urefu wa picha, ile ya omu kubwa kutoka kwenye volti zilizoongezwa za PY88. Hizo hupanda thamani na umri mpaka zinakatika. Apime, TV ikiwa imezimwa na imetolewa chaji.

#35 Wa Ruwi (Muscat)

Au koili za shingoni mwa tyubu, zinazotandaza picha. Unyevu wa pwani unakula nyaya zile nyembamba, zinageuka kijani na kukatika. Nimeona nyingi zilizotoka Mombasa na Lamu.

#36 Kisiki cha Mpingo (Lindi)

Lehemu imepasuka kwenye soketi ya valvu. Joto na baridi miaka yote hiyo. Mtikise valvu taratibu kwa kijiti kikavu muone kama mstari unaruka.

#37 Kiembe Samaki (Unguja)

Mjusi. Mkojo wa mjusi unatafuna nyaya kuliko chumvi ya bahari. Aangalie chini ya pale alipolala.

#38 Mswahili wa Leicester

Kuna jaribio la wazee linalogawa tatizo nusu kwa nusu: chukua volti kidogo za hita kupitia kapasita, zipeleke kwenye gridi (mlango wa kuingilia) ya valvu ya mwisho ya wima, ile inayofungua picha juu na chini. Mstari ukifunguka, hata kwa kupindapinda, basi valvu, transfoma na koili ni nzima na ubovu uko nyuma yake. Usipofunguka, Wa Ruwi yuko karibu na ukweli. Kazi hii aifanye fundi mwenye transfoma ya kutenganisha, si binamu.

#39 Nguzo ya Umeme (Nairobi)

Afadhali umelitaja. Mwana wa Kibokoni, kuna kitu kinakata umeme hapo mnapojaribia?

#40 Mama Ilham (Kilifi)

Swali la asiyejua: hata ikipona mtatazama nini? Analogi si ilizimwa Kenya 2015?

#41 Wa Ruwi (Muscat)

Unatafuta kisanduku kinachogeuza picha na sauti za king'amuzi au DVD kuwa chaneli ya antena. Hakikisha kinatoa VHF, kwa sababu TV ya 1970 huenda haina UHF. Na sauti iwekwe kwenye megahezi 5.5. Ukinunua cha Uingereza kilichowekwa kwenye 6, picha itakuja nzuri na sauti itakuwa kelele tu. Na kamwe usichomeke kisanduku hicho kabla ya kuhakikisha vile vikapasita vya antena ni vipya, la sivyo king'amuzi nacho kinaungana na umeme wa ukutani.

#42 Mswahili wa Leicester

Angalau yake ni ya laini 625, yaani mistari inayounda picha. Kuna ndugu huku alinunua ya miaka ya 50 akaipeleka Nairobi kwa meli. Ni ya laini 405, mfumo wa Uingereza uliozimwa Januari 1985. Kenya ilianza na 625 tangu 1962, kwa hiyo TV ile haikuwahi kuwa na kituo cha kuitazama pale. Inahitaji kigeuzi cha mfumo, na kigeuzi ni ghali kuliko TV.

#43 Dagaa Kauzu (Dar es Salaam)

Tupige kura: valvu, resista, koili, lehemu, mjusi.

#44 Fundi Makorora (Tanga)

Ufundi hauna kura. Mwana wa Kibokoni, mwambie fundi wako apime volti kwenye katodi ya PCL805 ile sehemu ya nguvu. Ikiwa sifuri, valvu haipitishi umeme na ninaondoa neno langu mpaka tujue kwa nini. Ikiwepo, twende kwenye resista ya urefu.

#45 Kiembe Samaki (Unguja)

Mie ninayo PCL805 mpya ndani ya kasha lake, ya dukani kwa marehemu baba. Naituma kwa mtu anayekuja Mombasa wiki ijayo, bure, kwa ajili ya bibi. Wajaribu.

#46 Fundi Makorora (Tanga)

Ipokee kwa heshima lakini usiichomeke kabla ya kipimo. Kama kuna kapasita inayovujisha kwenye gridi, itaiunguza na hiyo mpya kwa siku moja, na hatutapata nyingine.

#47 Mwana wa Kibokoni (Mombasa)

Kiembe Samaki, Mungu akulipe. Nguzo, hapana, hakuna kinachokata, fundi analeta transfoma yake Jumamosi na mimi nitaweka swichi hiyo kwenye bodi ya nyumba kabla hajaja. Katodi nitampa apime mwanga ukiwa chini, nitaweka picha ya mita hapa.